Kisu Kilichotoka Chekundu

Uru, Alhamisi mchana

Resti mwanangu,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na najua hutarudi kabla ya saa kumi na moja, maana shangazi yako hamwachi mtu aondoke bila kula mara mbili. Nimekaa kwenye kiti cha baba yako. Nimechana karatasi katikati ya daftari lako la zamani la jiografia, na mlango nimeufunga ili kuku na majirani wasinisumbue. Nitakuwekea barua hii juu ya sanduku lako. Ukirudi uisome yote kabla hujanisemesha. Mimi nitakuwa jikoni.

Sikuandikii habari za ndala, wala sabuni, wala jinsi ya kukunja blanketi la bweni. Hayo nimeyapigia kelele wiki nzima mpaka umeniambia nimekuwa redio. Nakuandikia kwa sababu tangu Jumatatu nimejaribu mara tatu kukuambia kitu, na kila mara mdomo umegoma. Jana asubuhi nilikuita kabisa, ukaja, ukasimama mbele yangu, nikakutuma chumvi. Na chumvi tulikuwa nayo.

Unakumbuka Jumatatu. Ulikuwa barazani unachambua madaftari, yapi uende nayo huko Iringa na yapi yabaki yawashie moto. Mimi nilikuwa nakoroga uji wa ulezi kwa ajili ya pombe ya kukuaga, mbege yetu. Nilipotia msesewe ukacheka peke yako.

"Mama, unajua mbege yako ni fomulesheni?"

Nikakuambia usiitukane mbege yangu kwa Kiingereza.

"Mama bwana, siyo tusi! Ni mchanganyiko, ila siyo wa hovyo hovyo. Ni ule ambao mtu ameukusudia. Kila kilichomo kina kazi yake na kina kipimo chake. Ukitoa kimoja, kinachobaki siyo kitu kilekile tena."

Nilifurahi, nisikufiche. Miaka yote hii nakoroga pipa hapa, ndizi ilete utamu, ulezi uichachushe, magome ya msesewe yaukate ule utamu usimchoshe mnywaji, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni elimu. Nikakuuliza, kumbe mimi mkemia? Ukasema mkemia kabisa. Halafu ukafungua daftari la kemia unisomee mifano mingine. Ukasoma rangi ya ukutani, ukasoma dawa ya kikohozi, kisha ukasema, "Na hii sasa ni ya kwetu kabisa, mama, mrututu na chokaa."

Nilikuwa naendelea kukoroga. Ukasoma kwamba mrututu unaua ukungu kwenye kahawa, na chokaa inauzuia mrututu usiunguze jani, tena inaunatisha kwenye jani mvua isiuoshe. Mwiko wangu ukaanza kwenda polepole. Ndipo ukaongeza lile la mwisho, bila hata kuangalia daftari, kwa sababu mwalimu wenu aliwaonyesha darasani mkaliona kwa macho.

"Unatumbukiza msumari safi, au hata kisu. Kikitoka kama kilivyoingia, dawa iko sawa. Kikitoka chekundu, chokaa haijatosha. Ukipulizia hiyo, umeua mti."

Uji ukashika chini. Ukapiga kelele, "Mama, unaungua!" Ulikuwa unasema uji. Nikakuambia nakwenda kumwangalia mbuzi, nikaenda, nikasimama naye zizini nimeshika nguzo kwa mikono miwili. Mbuzi mwenyewe alinishangaa. Nilirudi macho yamevimba, ukanikumbatia ukasema, "Mama, Iringa siyo mbinguni, nitarudi." Ulidhani nalilia safari yako, na mimi nikakuacha udhani hivyo.

Sasa nikueleze habari ya kisu.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la kwanza. Unajua mila zetu. Mjane anaachiwa ndizi, kahawa ni ya wanaume. Ukoo ukakaa, ukaamua kahawa ya kihamba hiki cha urithi iwe mikononi mwa mdogo wake, Kalisti. Nilikuwa nimekaa pale pale, nimevaa nyeusi, na hakuna aliyeniuliza. Hasira yangu kwa Kalisti ilianza siku ile, kabla hajanikosea chochote, na nataka uijue hiyo kwanza ili yanayofuata usinitafutie udhuru.

Kalisti alikuwa mtu wa kahawa. Alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba kubwa la wazungu huko chini, kazi yake kuchanganya dawa na kupulizia. Alikaa ng'ambo ya mfongo wetu wa maji, hakuwa na mke wala mtoto, na wewe ndiye uliyekuwa wake. Jumapili alikubeba mabegani kwenda kanisani, umemshika masikio yote mawili kama usukani. Alikuwa na masikio makubwa, basi unayavuta huku, anakwenda huku, watu wanacheka njia nzima.

Ndiyo miaka ile ruksa ya biashara huria ilipoingia kila mahali. Zamani dawa ya kahawa ilitoka chama cha ushirika, imepimwa tayari, unatia maji unapulizia. Ghafla ghala la chama likabaki la popo, na dawa ikawa inauzwa na kila mwenye meza. Mimi mwenyewe nilinunua pakiti ya buluu sokoni Kwa Sadala, kwa bwana mmoja mwenye miwani na maneno matamu. Nilipoitia maji ya moto ikawa ugali. Ulikuwa unga wa muhogo umetiwa rangi. Tangu siku hiyo nikimwona mtu anachanganya kitu chochote na kingine, namwona mwizi.

Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa unaozesha buni zikiwa bado kijani, na Kalisti akasema tuachane na hizo pakiti. Nitafute mrututu wenyewe, yale mawe ya buluu, atengeneze dawa kama walivyotengeneza wazee. Nikaupata, nikauleta, nikamkabidhi kwa mikono yangu.

Asubuhi yake nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe. Nikamwona kupitia migomba. Pipa la plastiki liko mbele yake, na anamimina ndani kitu cheupe. Nikasogea. Chokaa. Hiyo hiyo tuliyopaka ukuta wa kanisa Pasaka. Tena haikuwa ya konzi moja, ilikaribia kulingana na mrututu wenyewe. Ile buluu kali ikapauka, ikawa nzito. Halafu akachomoa kisu kiunoni, akakichovya, akakiinua kwenye mwanga akakigeuza huku na huku, akatikisa kichwa kuridhika. Nikajisemea, na uchawi anao.

Nilitupa mzigo wa majani pale pale.

"Kalisti! Mrututu wangu uko wapi?"

"Si huu humu, shemeji."

"Humu mna chokaa! Chokaa ya kupaka kanisa! Umeficha nusu kwa ajili ya kahawa yako, mimi unanijazia vumbi kwa kuwa sina mume!"

"Shemeji, bila chokaa inaunguza. Hii ndiyo dawa yenyewe. Ngoja nikueleze."

Sikungoja. Nililisukuma pipa kwa mguu, likalala, dawa yote ikaingia mfongoni, na maji yakaenda na buluu hadi kwa majirani wa chini. Watu wakaja. Nikamwita mwizi kwa Kichagga, nikarudia kwa Kiswahili, ili hata mpita njia asipitwe.

Nyumbani kwangu kulikuwa na mrututu umebaki gunia nusu. Kesho yake nikachanganya mwenyewe. Mrututu na maji, basi. Nilijiambia hii ndiyo safi, haina ujanja wa mtu. Nikakoroga kwa kisu cha jikoni, na nilipokitoa kilikuwa chekundu, kinang'aa kama senti mpya. Resti, nilicheka. Nikasema, ona dawa yenye nguvu, imekula mpaka chuma. Nikapulizia siku mbili, mti kwa mti, sikuruka hata mmoja.

Wiki haikuisha. Majani yaliungua pembeni, kisha yakaungua yote, yakajikunja yakaanguka, na buni changa zikafuata. Nilisimama katikati ya kahawa ya baba yako, na bomba la dawa bado liko mgongoni.

Unajua nilisema nini? Nilisema ni chokaa ya Kalisti iliyobaki ndani ya bomba alilokuwa akilitumia yeye. Nikamwambia shangazi yako, nikawaambia wanajumuiya, nikaenda kikao cha ukoo nikalia mbele ya wazee. Wakamuuliza Kalisti, chokaa uliweka au hukuweka? Akasema niliweka, lakini chokaa haiui kahawa. Wazee hawakusikia zaidi ya "niliweka". Kahawa wakamnyang'anya, wakanipa mimi, mjane wa kwanza kwenye ukoo huu kupewa kahawa. Kahawa yenyewe ilikuwa kuni. Niliing'oa nikapanda migomba na maharage, haya haya unayoyaona dirishani.

Habari za kisu sikusema kikaoni. Na kabla ya kikao nilikisugua. Nilichukua jivu na gunzi nikakaa nyuma ya nyumba, nikakisugua mpaka ile rangi ikatoka. Tangu Jumatatu najiuliza, kwa nini nilikisugua? Mtu asiyejua kitu hasugui kisu. Kuna mahali ndani yangu palijua, Resti. Sikujua kemia, sikujua ni kwa nini, lakini nilijua kwamba kile chekundu kinanisema mimi. Hilo ndilo lililonipiga kule zizini.

Jina la Chokaa lilianza siku ya kikao. Watu wazima walilitumia kwa mzaha, watoto wakalitungia wimbo. Siku moja ulikuwa na wenzako pale mfongoni, mnaimba "Chokaa, Chokaa, kapake kanisa," na yeye anapita na jembe lake. Sauti yako ilikuwa juu kuliko za wote. Alisimama akakutazama wewe peke yako. Halafu akaendelea na njia. Mimi nilikuwa mlangoni, nikacheka ukanisikia, ukaimba tena. Mwezi ule ule akahama, akaenda kupanga Shirimatunda, na sisi tukasema amekimbia aibu.

Nimekuambia miaka yote kwamba huna baba mdogo wa maana. Ulikuwa naye.

Na kinachonichanganya zaidi ni hii mbege. Kuna fundi seremala mmoja aliwahi kukaa pale pale barazani, akanywa kata nzima, akaniambia nawajazia watu magome ya mti ili ndizi zisiniishie. Nilimtoa na mwiko. Nilimwambia mjinga wewe, hujui msesewe una kazi gani, ungeuliza kwanza. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu! Ndani ya sufuria yangu kila kitu kilikuwa na kazi yake, ila kwenye pipa la mwenzangu niliona wizi tu. Ningemuuliza neno moja, shemeji hii chokaa ya nini, tungekuwa na kahawa leo.

Jana nilikuambia nakwenda Kwa Sadala kufuata maharage. Nilikudanganya. Nilikwenda Shirimatunda. Nilichuma isale pale mpakani nikalifunga kwenye kanga, maana kwetu ukimpelekea mtu jani hilo umekuja kuomba radhi, na aliyeletewa hakatai. Nikauliza nyumba ya Kalisti, hakuna aliyeijua. Nikasimama pale nimeona haya, mwisho nikauliza nyumba ya Chokaa. Mtoto wa kwanza tu akanionyesha.

Alikuwa anapalilia mchicha kwenye kiplot cha kukodi. Nilimpita kwanza, sikumjua. Amekonda, kichwa chote kimekuwa cheupe. Yeye ndiye aliyenijua.

"Karibu, shemeji," akasema, kama nilitoka pale juzi.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yalipotea yote. Nikanyoosha isale kwa mikono miwili, na kilichotoka mdomoni kikawa hiki tu: "Kisu kilitoka chekundu."

Akaacha jembe.

"Chekundu sana?"

"Kama senti mpya."

Akakaa chini, pale pale juu ya mchicha wake. "Nilijua," akasema. "Niliyaona yale majani nikajua hukutia chokaa. Nilikuja kwako nikueleze, pengine tungeokoa ile kahawa ya chini kwa kuiosha na maji. Ukanifungulia mbwa."

Resti, nilikuwa nimemsahau mbwa! Naapa nilikuwa nimemsahau kabisa. Miaka yote hii nimekumbuka pipa, nimekumbuka kikao, nimekumbuka hata nguo niliyovaa, lakini mbwa nilikuwa nimemfuta. Akapandisha suruali akanionyesha kovu la mguuni. Sasa sijui ni mangapi mengine niliyoyasugua nikasahau.

Isale alilipokea. Akalishika, akaliweka kwenye mfuko wa shati. Lakini akasema, "Nimelipokea, Mama Resti, maana halikataliwi. Ila jina langu utanirudishiaje? Hata huku wananiita Chokaa. Watoto ambao hawajawahi kuona mti wa kahawa." Niliangalia mchicha.

Nikamwambia ulivyosoma, na habari ya msumari, na kwamba unakwenda kidato cha tano kusoma kemia. Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Ningemfundisha mimi," akasema. "Akiwa bado mdogo. Nilikuwa nimeshamwekea kisu chake kidogo cha kupimia."

Nilitembea hadi stendi nimefunika uso na kanga.

Leo asubuhi, ulipokuwa unapiga pasi, nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya na kwa wazee wa ukoo waliobaki. Jumapili baada ya misa ya pili watakaa, wale wale, na safari hii nimewaita mimi. Nitaweka ndoo mbili. Moja mrututu na maji, nyingine mrututu na chokaa kwa kipimo. Nitatumbukiza kisu mbele yao, na ni kisu kile kile, sikuwahi kukitupa, ndicho nilichomenyea ndizi ulizokula jana. Wataona kikitoka chekundu, nami nitawaambia nani alikisugua. Najua kitakachofuata. Mama muuza mbege anayewahubiria watu kipimo, ndiye mwongo wa Uru. Hata jina nitapata, watu wa huku hawakosi jina. Ukiandikiwa barua na rafiki zako kwamba mama yako anachekwa kisimani, usiwagombeze. Ni kweli.

Huko uendako utawakuta watu wanachanganya mambo ambayo huyaelewi. Uliza ni ya kazi gani. Na wewe mwenyewe siku ukijikuta umekaa nyuma ya nyumba unasugua kitu, mwanangu, acha kusugua. Sina wosia mwingine, na huu wenyewe nimeupata nimeshachelewa.

Ukifungua daftari la kemia utakuta ukurasa umechanwa. Ni mimi. Utaunakili kwa mwenzako, mimi nauhitaji Jumapili, maana wale wazee wakibisha nataka kuwasomea maandishi.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nikuambie usome leo, usingoje mpaka uwe ndani ya basi. Kalisti atakuja stendi kesho saa kumi na mbili asubuhi kukuaga. Hakuniomba. Nilimwomba mimi, akakataa, nikaondoka, kisha akanifuata hadi barabarani akiwa bado na jembe mkononi. Akaniuliza, "Atanitambua?"

Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba ulichobaki nacho ni ule wimbo. Kwa hiyo usimtafute kwa sura, sura yake imekwisha. Usimtafute kwa jina, watakaokusikia watakuonyesha kwa lile lingine. Pita taratibu katikati ya watu, tazama masikio, na ukiyaona mwamkie shikamoo, baba mdogo.

Mama yako,
Veronika